Tangazo la Jumapili Usiku: Kisa cha Wiki Moja Katika Shule ya Sekondari Msingi

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya umma ya sekondari msingi Pwani ya Kenya, muhula wa pili wa mwaka 2025. Majina ya shule, ya kijiji na ya wahusika hayamo, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Hesabu za wanafunzi nimezitoa kwenye daftari letu la zamu. Nafundisha Kiswahili katika shule hiyo, na wiki ninayoisimulia mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Tangazo lililotuletea taabu niliandika mimi.

Nawaandikia walimu wenzangu na wazazi walio katika kamati za shule. Matangazo ya wiki ni kazi ambayo hatukufundishwa chuoni, na ndiyo kazi ambayo nyumba zote zinaiona.

Usuli

Sekondari msingi ni ile miaka mitatu ya katikati, Gredi ya 7 hadi ya 9. Kundi la kwanza la Gredi ya 7 liliingia Januari 2023, likawekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, chini ya mwalimu mkuu yuleyule. Watoto hao hao ndio waliokuwa Gredi ya 9 mwaka 2025. Hawana kaka wala dada aliyewatangulia njia hii. Mzazi mwenye watoto waliosoma chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 alijua darasa la nane lina mtihani mwisho wa mwaka, akatulia mpaka wakati ule. Mzazi wa sasa anaambiwa kwamba kupangiwa shule ya sekondari ya juu kunategemea asilimia 60 ya tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 ya ile tathmini ya Gredi ya 6. Maana yake kazi ya vitendo ya siku moja katika Gredi ya 8 si mchezo tena. Ina uzito, na mzazi anaweza kumkosesha mtoto kwa kutojua tu kwamba ipo.

Shule yetu ilikuwa na wanafunzi 170 wa sekondari msingi: 61 wa Gredi ya 7, 63 wa Gredi ya 8 na 46 wa Gredi ya 9. Walimu tulikuwa watano, wawili kati yetu wanagenzi, tukigawana masomo tisa na vipindi 40 kwa wiki kwa kila darasa. Mwenzetu wa Kilimo alikuwa pia anafundisha Sayansi Jumuishi na kuwanoa wasichana wa voliboli. Msomaji aliyekaa shule kama hii anajua hili linamaanisha nini: shughuli moja ikisogezwa, inasukuma tatu.

Kijiji chenyewe kiko ufuoni. Kina baba wengi ni wavuvi, au wanakwea minazi, au wako mjini kwa vibarua. Kina mama wanauza sokoni, wanashona makuti, na maji yakitoka sana wanashuka kwenye miamba kutafuta pweza na kombe. Soko la wiki ni Jumatano. Jumamosi na Jumapili asubuhi watoto wengi wako madrasa. Hayo yote tulikuwa tunayajua, maana tunaishi hapo. Ila hayakuwa kwenye kalenda ya shule.

Desturi yetu ilikuwa moja. Mwalimu wa zamu anayeingia huandika ratiba ya wiki Jumapili usiku, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na Jumatatu asubuhi anaisoma kwenye gwaride. Kazi imekwisha.

Mambo yalivyotukia

Jumapili, kama saa tatu usiku, nilituma hivi:

"Wazazi wapendwa, shughuli za wiki hii. Jumatatu: ukaguzi wa sare. Jumanne: kazi ya vitendo ya Kilimo, Gredi ya 8, wanafunzi waje na vifaa. Jumatano: mkutano wa wazazi wa Gredi ya 9, saa nane alasiri. Alhamisi na Ijumaa: michezo ya kanda. Ijumaa: mwisho wa kulipa pesa za chakula. Asanteni."

Nililisoma tena kabla ya kulituma, nikaona liko sawa. Tahajia nzuri, siku zimepangwa. Nililala vizuri.

Jumatatu alasiri, kengele ya mwisho ikikaribia, mwalimu mkuu alipokea simu. Uwanja uliokuwa uandae michezo ya kanda ulikuwa umejaa maji ya masika, na uwanja mwingine uliopatikana ulikuwa wazi Jumanne na Jumatano tu. Michezo ingeanza kesho yake.

Tulikaa majilisini, chumba cha walimu, watatu kati yetu na mwalimu mkuu. Mwalimu wa Kilimo ndiye kocha. Lazima aende na timu. Wanafunzi 11 wa Gredi ya 8 walikuwa wachezaji. Kazi ya vitendo ilikuwa kupanda mboga katika chombo: kila mtoto aje na chombo, udongo, samadi kidogo na miche mitatu ya mchicha. Mwalimu alikuwa ameipanga mapema ili mboga zipate wiki za kutosha za kutunzwa na kuandikiwa kumbukumbu kabla ya likizo. Tuiahirishe? Nilisema hapana. Nilisema watoto wamekwisha ambiwa walete vifaa, miche iking'olewa leo kesho itanyauka, na mimi naweza kusimamia. Wenzangu wakakubali. Wale 11 wangefanya yao wakirudi. Usiku nikatuma ujumbe wa pili kwenye kundi kwamba michezo imesogezwa.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi timu ilikuwa langoni. Wachezaji watano walikuja bila viatu wala jezi zao za mazoezi, kwa sababu walijua wanacheza Alhamisi. Wasichana wawili wa voliboli walibaki: baba zao hawakuwa na habari yoyote, hatukuwa na ruhusa yao, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayempakia binti wa watu garini bila mzazi kujua. Mmoja wao alisimama karibu na mlango wa darasa na begi lake mgongoni mpaka gari likapotea barabarani. Hakulia. Aliingia darasani akaketi.

Gredi ya 8 walikuwa 52 asubuhi ile. Nilipita dawati kwa dawati. Waliokuwa na vifaa vyote, 19. Waliokuwa na baadhi, 14. Wasio na chochote, 19. Niliwauliza hawa wa mwisho kama hawakusikia. Walisikia. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, tangazo lilisema vifaa. Mimi nilileta rula na rangi."

Nilifungua daftari lake la Kilimo. Orodha ya vifaa haikuwamo. Mwalimu alikuwa ameitaja Alhamisi iliyopita, dakika za mwisho za kipindi, kengele ikilia. Waliokuwa wepesi waliandika, waliokuwa wanafunga mabegi hawakuandika. Kwa hiyo neno langu "vifaa" lilikuwa na maana kwa theluthi moja tu ya darasa.

Karibu na dirisha kulikuwa na binti aliyeleta chombo kikubwa kuliko vyote: mtungi wa maji wa lita 20, wa manjano, umekatwa kwa kisu cha moto kuuzunguka shingoni. Ukingo ulikuwa bado na vipele vyeusi vya plastiki iliyoyeyuka. Alikuwa ametoboa matundu chini kwa msumari, sita, yamepangwa kwa mduara. Kazi safi. Nilimsifu mbele ya wenzake.

Saa sita mama yake alikuja. Alinisalimu vizuri, akakataa kiti. Alisema, "Mwalimu, sikatai mtoto asome. Lakini ule ndio mtungi wangu wa maji. Iko miwili tu, huo na mwingine unaovuja. Ningeambiwa Ijumaa ningeomba kopo la rangi kwa fundi, au dumu bovu kwa jirani. Mtoto kaniuliza usiku saa nne, mimi nishalala, kesho yake naamka mtungi haupo."

Sikuwa na la kumjibu. Mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono yake ina udongo.

Jumatano ilikuwa mkutano wa Gredi ya 9. Wiki hizo ndizo ambazo watoto walitakiwa kuchagua njia ya masomo ya sekondari ya juu, moja kati ya tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati kwa pamoja (STEM); Sayansi za Jamii; au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Juu ya njia hiyo mtoto alichagua shule 12. Huu ulikuwa mkutano mzito kuliko yote tuliyowahi kuwaitia wazazi hawa. Kati ya nyumba 46 walikuja watu 12. Walimu wawili walikuwa uwanjani na timu. Mwalimu mkuu alieleza peke yake kwa saa moja na nusu, sauti yake imekauka, na wazazi waliokuwapo waliuliza maswali mazuri sana ambayo wale 34 hawakuyasikia.

Kina mama walikuwa sokoni. Ilikuwa Jumatano.

Ijumaa niliandika kwenye daftari la zamu mambo yaliyotukia, nikaomba tukae.

Maamuzi na sababu zake

Naanza na yale ya wiki yenyewe, kwa sababu ni rahisi kuyahukumu sasa na hayakuwa rahisi wakati ule.

Kuendelea na kazi ya vitendo bila mwalimu wake kulitokana na kuwahurumia waliojiandaa. Nilifikiria miche. Sikufikiria kwamba sikuwa nimehakikisha ni wangapi walio na hiyo miche. Kama ningepita darasani Jumatatu saa tisa na kuuliza mkono juu nani ana chombo nyumbani, ningeahirisha.

Kuendelea na mkutano kulikuwa uamuzi wa mwalimu mkuu, na mpaka leo naona alikuwa na sababu. Uchaguzi wa shule ulikuwa na muda wake, na hakujua kama angepata siku nyingine. Hakuwa na njia ya kuwapata wazazi upya kwa siku mbili, ila kundi lile lile la simu.

Kikao chetu kilifanyika Alhamisi ya wiki iliyofuata: walimu watano, mwalimu mkuu, na wazazi watatu wawakilishi wa madarasa. Tulianza kwa kulaumu simu. Kundi lilikuwa na namba 112 kwa wanafunzi 170, na zile namba nyingine ni za kabambe, simu ndogo za vitufe zisizopokea WhatsApp hata kidogo. Simu yangu ilionyesha kwamba mpaka Jumatatu asubuhi tangazo langu lilikuwa limesomwa na watu 47. Juu yake palikuwa pamemiminika dua, picha za harusi na tangazo la mbuzi aliyepotea.

Halafu mama mmoja mwakilishi, muuza samaki wa kukaanga, akasema neno lililogeuza kikao. Alisema yeye alilisoma tangazo, usiku ule ule. "Nililisoma lote. Ila sikuona mahali mmeniambia mimi nifanye nini."

Tulilifungua tena tukalisoma kwa macho yake. Kweli. Lilikuwa ratiba ya walimu tuliyowapelekea wazazi. Ukaguzi wa sare: mzazi afue leo au tayari amechelewa? Vifaa: vipi? Mkutano: kuhusu nini, na asipokuja atakosa nini? Pesa za chakula: kiasi gani kimebaki kwa mtoto wake? Mistari mitano, na hakuna hata mmoja uliosema na mtu aliye nyumbani.

Hapo ndipo maamuzi yalipotoka. Tangazo litatoka Alhamisi, lisiwe la Jumapili, na litaeleza wiki ijayo na ile inayofuata. Alhamisi inampa mtoto siku tatu za kutafuta kopo, na inampa mama nafasi ya kusema hana. Kila jambo litaanza na kinachotakiwa nyumbani, ndipo siku, ndipo jina la shughuli. Kama hakuna kinachotakiwa, tangazo liseme hivyo hivyo: "Nyumbani: hakuna." Mama yule alisisitiza hilo. Mzazi akijua leo hadaiwi kitu, anapumua, na siku atakayodaiwa anasikiliza.

La pili lilikuwa langu, na ndilo ninalolipenda. Wanafunzi wataliandika tangazo kwa mkono, kipindi cha Kiswahili cha Alhamisi, kama zoezi la uandishi wa kiuamilifu. Tulikuwa tunawafundisha kuandika matangazo ya mikutano isiyokuwapo ya vijiji visivyokuwapo, na tangazo la kweli lenye wasomaji wa kweli lilikuwa mbele yetu kila wiki. Mtoto analiandika kwenye karatasi, anaenda nalo nyumbani, anamsomea mtu mzima. Chini anaandika: nimemsomea nani, na yeye amesema nini. Sahihi si lazima, kwa sababu sahihi inamwaibisha asiyejua kuandika, na tulikuwa na wazazi wa namna hiyo.

La tatu: kabla ya tarehe ya mkutano wowote kupitishwa, mzazi mwakilishi mmoja anaulizwa. Soko liko wapi siku hiyo? Kuna matanga? Bahari ikoje? Wakati wa bamvua maji hutoka sana asubuhi, kama saa nne hivi, na kina mama wanaotegemea pweza hawawezi kuyaacha maji hayo kwa mkutano wa aina yoyote. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki sana, ndiyo siku zao za kukaa. Na msimu wa kusi, upepo ukichafuka, wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hushinda ufuoni. Ukitaka kuwaona kina baba, ndiyo miezi yao. Muhula wa pili mzima uko ndani ya kusi, na hatukuwahi kuitumia nafasi hiyo hata mara moja.

La mwisho lilibishaniwa zaidi. Tulikubaliana kwamba jambo lolote lililotangazwa au kubadilishwa kwa chini ya siku tatu, mtoto hapotezi chochote kwa ajili yake. Hakatwi alama, hatolewi kwenye timu, harudishwi nyumbani. Gharama inabebwa na shule: sisi tutafute makopo, au tuahirishe. Mwenzetu mmoja aliona hili litawafanya watoto walegee. Nilimwelewa. Lakini simu ya kubadilisha michezo ilitufikia sisi kwa ghafla, na tuliwapitishia watoto ghafla hiyo nzima bila kuipunguza hata kidogo. Mtu wa kuibeba ni aliye na ofisi na simu, si mwenye miaka 13.

Matokeo

Wiki sita zilizobaki za muhula tuliufuata utaratibu huu, isipokuwa wiki moja nitakayoisema.

Kazi ya pili ya vitendo ya Kilimo ilikuwa na wanafunzi 58 kati ya 63 wenye vitu vyote. Watano waliosalia walikuwa wamesema mapema, Ijumaa, kwenye mstari ule wa "amesema nini". Mmoja aliandika: "Nimemsomea nyanya. Amesema samadi ipo, kopo halipo, tuazimwe." Tukamwazima. Wachezaji wale 11 walifanya kazi yao ya kwanza Jumamosi mbili baada ya madrasa, mwalimu wao akiwa nao, naye alizitoa siku hizo kutoka kwenye mapumziko yake.

Mkutano wa Gredi ya 9 ulirudiwa Jumatatu moja ya maji mafu, alasiri. Walikuja watu wa nyumba 33, na safari hii kina baba walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona ndani ya shule ile. Lakini ulikuwa mkutano wa kueleza tu. Uchaguzi wa wengi ulikuwa umekwisha ingizwa kwenye mfumo. Wazazi wa watoto saba waligundua pale pale, mbele za watu, kwamba watoto wao wamechagua njia ambayo wao hawakuijua. Baba mmoja alisimama akauliza kwa upole sana kwa nini hakuitwa. Mwalimu mkuu alimwomba radhi. Hili hatukulirekebisha, na sitaki msomaji afikiri lilirekebishika kwa sababu utaratibu mpya ulikuwa mzuri.

Mtungi wa yule mama ulilipwa kwa mchango wa walimu, shilingi 50 kila mmoja, na mwalimu mkuu akajazia. Aliupokea mpya bila maneno mengi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni ule mstari wa chini, na tuliuweka kama nyongeza. Tulidhani tunapeleka habari nyumbani. Kumbe karatasi zilikuwa zinaleta habari shuleni. Kwa wiki mbili za kwanza tulijifunza juu ya wanafunzi wetu mambo ambayo fomu za usajili hazikuwahi kutuambia. Watoto 23 walikuwa wanamsomea nyanya au babu, si mzazi, na namba tulizokuwa nazo kwenye kundi ni za wazazi walio Mombasa au Malindi ambao hata wakilisoma tangazo hawako karibu na kopo wala samadi. Kijana mmoja wa Gredi ya 9 aliandika wiki tatu mfululizo "nimemsomea mama", kwa mwandiko wa kukazana. Wiki ya nne mwalimu wa darasa alimwita kando akamuuliza tu kama mama hajambo. Ndipo tukajua anaishi na kaka yake wa miaka 19, peke yao, tangu mwaka uliopita. Hakuwa anadanganya kwa ubaya. Alikuwa anaandika kile alichoona shule inataka kusoma. Sasa mstari huo tumeubadilisha: "nimemsomea mtu huyu wa nyumbani", ili asiye na mama asilazimike kumtunga.

Kuandika kwa mkono kulisaidia kwa sababu ambayo kama mwalimu wa lugha nilipaswa kuijua. Mtoto anayeandika "Nyumbani: kopo moja lenye matundu chini, lisiwe la kununua" amekwisha elewa kabla hajafika nyumbani. Wakati wa kuandika ndipo walipouliza maswali. Kopo la lita ngapi? Mchicha au hata mnavu unafaa? Maswali hayo yalitulazimisha walimu kuamua mambo ambayo tulizoea kuyaacha hewani hadi siku yenyewe. Mwalimu wa Kilimo alilalamika mwanzoni kwamba namdai orodha mapema mno. Wiki ya tatu alikuwa ananiletea bila kuulizwa.

Siku tatu za kinga zilitumika mara mbili tu, na hakuna aliyelegea. Mara ya kwanza ukaguzi wa sare uliletwa ghafla kwa ajili ya wageni. Tukawakagua bila kumrudisha mtu. Mara ya pili ilihusu mazoezi ya muziki. Kanuni hii imekuwa na faida moja ambayo hatukuitarajia: mwalimu mkuu sasa anapopigiwa simu ya mabadiliko, anauliza kwanza kama yanaweza kusubiri, kwa sababu anajua gharama itaangukia wapi. Zamani alikubali papo hapo.

Sasa yaliyoshindwa.

Wiki ya mapumziko ya katikati ya muhula sikuwapo shuleni Alhamisi, nilikuwa na mgonjwa hospitalini. Tangazo halikuandikwa. Hakuna aliyelishika, kwa sababu nililijenga juu ya kipindi changu, kwa mwandiko wangu ubaoni, na wenzangu walilichukulia kuwa jambo la Kiswahili. Wanafunzi wapatao 20 walirudi siku moja baada ya shule kufunguliwa. Huo ni udhaifu wa utaratibu mzima.

Tuliwahi pia kukosea tarehe ya kulipa pesa za chakula, na hapo mwandiko wa mkono uligeuka mzigo. Kwenye simu ungetuma sahihisho. Karatasi 170 zilizokwisha kwenda nyumbani huwezi kuzirudisha. Tulisahihisha kwenye gwaride la Ijumaa, lakini karatasi ina nguvu kuliko neno la gwaride, na wazazi wengine walikuja siku ya karatasi, wakasumbuka bure. Tangu hapo watu wawili hulisoma tangazo kabla halijaandikwa ubaoni, na mmoja wao lazima awe hakuliandika.

Kundi la WhatsApp bado lipo na bado lina kelele. Tulijaribu kuweka kanuni kwamba ni matangazo ya shule tu, na kwa siku nne palikuwa kimya. Nadhani tulikosea kulitaka liwe kitu kisicho asili yake. Watu wanataka mahali pa kuambizana nani kafiwa na nani kapoteza mbuzi, na mahali hapo ni pao. Tunatuma picha ya tangazo humo Alhamisi jioni kwa wazazi walio mbali, basi, na hatulitegemei.

Kosa langu la Jumatatu ile nalirudia kulitazama mara nyingi kuliko la Jumapili. Tangazo baya ni jambo la ufundi, unalirekebisha. Kule majilisini nilikuwa na nafasi ya kuingia darasa la Gredi ya 8, hatua 20 kutoka nilipokaa, na kuwauliza watoto wenyewe. Walikuwa bado wapo. Kengele ilikuwa haijalia.

Yaliyobaki

Kwa muhula wa tatu wa 2025 tulipanga kwamba mwanafunzi mmoja wa Gredi ya 9 kutoka kila mtaa atakuwa na nakala ya ziada kwa ajili ya nyumba zenye watoto wasiokuwapo shuleni wiki hiyo. Kuandika tangazo kutazunguka kati ya walimu wote watano, kila mmoja wiki yake, hata wa Hisabati, na ratiba hiyo imebandikwa tayari. Kwa Gredi ya 8 wa mwaka 2025, mkutano wa kuchagua njia ya masomo umekwisha tajwa kwenye karatasi tatu zilizopita, mwaka mzima kabla, mstari mmoja tu chini kabisa: "Nyumbani: anzeni kuzungumza na mtoto juu ya masomo anayoyapenda." Majibu yameanza kurudi. Babu mmoja mvuvi amesema mjukuu wake anapenda injini, na ameuliza ni shule gani wanafundisha hizo.